Kusubiriana mgongoni: siku ya pili ya msafara wa baiskeli Marangu–Mkuu katikati ya masika

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeshonwa kutokana na yale yanayowapata waendesha baiskeli kwenye miteremko ya Kilimanjaro masika baada ya masika, wala hakimlengi mtu au kampuni yoyote. Kimeandikwa kwa ajili ya yeyote anayeongoza kundi, awe analipwa au amebebeshwa tu jukumu na wenzake kwa sababu ndiye mwenye pampu.

Msafara ni wa siku nne, mwezi Aprili. Siku ya kwanza Moshi hadi Marangu Mtoni kupitia Himo, ya pili Marangu hadi Mkuu Rombo, ya tatu Mkuu hadi Tarakea, ya nne kurudi Marangu kwa lami, kisha gari hadi mjini. Watu 11, wakiwemo viongozi wawili, na pikapu moja ya mizigo. Wote wazima wa afya, wengi wamezoea kupanda Kibosho au Uru mwisho wa wiki. Baiskeli saba ni za milimani zenye breki za diski: nne za haidroli (zinazosukumwa na mafuta), tatu za kebo (zinazovutwa na waya). Nne zilizobaki zina breki za kubana rimu.

Siku ya kwanza ilipita bila shida. Barabara kuu hadi Njia Panda ya Himo ina malori mengi lakini haina mlima wa kutisha. Kutoka Himo kwenda Marangu ni kupanda mfululizo, na kila mtu alipanda kwa mwendo wake mpaka akafika, akakuta chai. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Hapo ndipo kosa la kesho yake lilipopandwa, maana kundi lilijifunza kwamba kila mtu aende anavyoweza, watakutana juu.

Ilivyokuwa

Mpango wa siku ya pili ulikuwa kutoka saa 2:00 asubuhi na kufika Mkuu saa 6:00 mchana kwa chakula. Umbali ni kama kilomita 30. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, chai ikachelewa, wakatoka saa 3:10. Kiongozi wa mbele aliamua waache lami kwa kilomita tisa hivi, wapite barabara ya udongo ya juu kupitia Mamba, kisha warudi kwenye lami Mwika. Sababu zake zilisikika vizuri: lami ina Hiace zinazokimbizana, huku juu kuna migomba na utulivu. Pikapu ilitangulia Mkuu kupanga vyumba, ikiwa na mifuko yote ya nguo kavu.

Saa 4:00 walikuwa kwenye udongo. Dakika ishirini baadaye baiskeli ya kwanza iligoma. Tope jekundu lilikuwa limejaa kati ya tairi na madigadi ya nyuma, likashikana kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Unasukuma, gurudumu linaburuzwa. Mwenyewe alilikwangua kwa kijiti cha mti wa kahawa, akaenda mita themanini, likajaa tena. Mwisho akafungua nati kwa spana namba 10 akaling'oa madigadi lote. Dakika 15 zimekwisha, na watu watatu wamesimama nyuma yake kumsaidia kwa macho.

Wa kwanza kufika mgongoni mwa kilima, pale barabara inapoanza kushuka bondeni, alikuwa kijana mwepesi wa kilo 58, mpandaji mzuri kuliko wote. Ilikuwa saa 5:05. Ndani alivaa fulana ya pamba, juu koti la nailoni lisilopumua, hivyo jasho lilikuwa limemlowesha ndani sawa na mvua ilivyolowesha nje. Wa mwisho alifika saa 5:50. Kwa dakika hizo 45 kundi lilizidi kuongezeka mtu mmoja mmoja, mahali pa wazi, upepo ukipanda kutoka bondeni, joto likiwa nyuzi 16 hivi. Kila aliyefika alipigiwa makofi.

Saa 6:00 wakaanza kushuka: kilomita mbili na nusu hadi darajani, sehemu nyingine zikifika mwinuko wa asilimia 12. Wa tatu kwenye foleni alikuwa na breki za kebo. Katikati ya mteremko mkono wa breki ya nyuma uligusa mpini wa usukani na baiskeli haikupunguza chochote. Breki ya mbele ikabaki na kazi yote, kwenye kona yenye tope. Alifanya jambo la maana, akailaza baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa mlimani kuliko kuingia mtaroni. Akachubuka kiwiko, kifundo cha mkono kikavimba. Kundi lote likasimama darajani. Dakika 35 nyingine.

Darajani ndipo mtu mmoja, muuguzi kwa kazi yake, alipotambua kwamba yule kijana mwepesi hajasema neno muda mrefu. Akampa pampu amshikie, ikamponyoka. Akamuuliza amekula nini asubuhi, majibu yakatoka yakiburuzika kama ya mlevi. Simu za bondeni hazikuwa na mtandao.

Nyumba ya karibu ilikuwa mita 200 ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Walipopiga hodi na kuanza na "Shikamoo mama", mwenye nyumba aliwakata: "Marahaba, mwingizeni ndani kwanza, salamu tutamalizia." Pikapu iliyopigiwa simu kutoka juu ya kilima ilifika saa 8:20 mchana.

Kwa nini aliyepoa ni mwenye nguvu

Ukiwauliza wenyewe jioni ile, wangekutajia breki. Breki tutaifikia. Lakini kilichoivunja siku ni zile dakika 45 za kusubiriana juu, na ushahidi ni mtu aliyezidiwa. Kama ingekuwa suala la uchovu au uzoefu, angezidiwa wa mwisho. Aliyezidiwa ni wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyesimama muda mrefu kuliko wote.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayekanyaga pedali kwa nguvu ya wati 150 mwili wake hutoa joto la zaidi ya wati 450, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula anachochoma haifiki kwenye cheni, inaishia kuwa joto. Akisimama, joto hilo hushuka hadi wati mia na kitu. Nguo zilizolowa hazijui kwamba amesimama. Zinaendelea kunyonya joto kwa kasi ileile. Mwembamba hana akiba ya kumtunza. Kisha, baada ya kupoa hivyo, anaambiwa apande baiskeli ashuke kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa bila kukanyaga, upepo wa kujitengenezea mwenyewe ukimpiga kifuani. Ni kumtoa mtu kwenye maji na kumweka mbele ya feni.

Wa mwisho naye alionewa kwa njia nyingine. Alifika akihema, akakuta wenzake wamechoka kusubiri, na dakika kumi baadaye wakaondoka. Mwenye haja kubwa ya kupumzika ndiye hupewa mapumziko mafupi. Hili hutokea hata siku ya jua, ila siku ya jua halimlazi mtu.

Kwa hiyo mahali pa kusubiriana panachaguliwa kabla ya kutoka, kwa majina, na pawe na paa. Mlima Kilimanjaro una bahati ambayo milima mingi haina: kila baada ya kilomita mbili tatu utapata baraza la kanisa, duka lenye kibaraza, au banda la mama ntilie. Kundi likisimama pasipo paa, dakika tano ni nyingi. Zaidi ya hapo, wa mbele wateremke polepole kumfuata wa nyuma, au waendelee hadi kwenye paa linalofuata. Kusimama vizuri zaidi ni chini, kabla ya kupanda tena, kwa sababu dakika tatu za kukanyaga zinarudisha joto ambalo kituo kimelichukua. Mgongoni haufanyiki mkutano. Unasimama dakika mbili, unavaa nguo kavu ya ndani na koti, unashuka.

Watu 11 pia ni kundi moja kwa picha tu. Barabarani ni makundi mawili, la sita na la watano, yakigawanywa kwa mwendo wa kupanda, kila moja na kiongozi wake, pampu yake, vifaa vyake na blanketi lake. Wenye mwendo wa pole hutoka kwanza, nusu saa mbele. Wengi hufanya kinyume kwa kuona aibu kuwatanguliza "wazito", halafu siku nzima wanaishi wakiwasubiri.

Saa zilivyohesabiwa

Kilomita 30 kwa saa nne si mwendo wa kutisha kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba zilihesabiwa kama kilomita 30 za aina moja. Kwa kundi mchanganyiko kwenye mvua, lami ya milima ya Rombo ihesabiwe kilomita 12 kwa saa, na kila mita 100 za kupanda ziongezewe dakika kumi. Udongo uliolowa, pamoja na kusukuma, ni kilomita nne hadi tano kwa saa. Hapa kilomita tisa za udongo pekee zilitaka saa mbili. Lami iliyobaki saa moja na dakika 45. Kupanda kama mita 600 kwa jumla, saa moja. Vituo na pancha, saa nyingine. Jumla inakaribia saa sita. Wakitoka saa 3:10, wangefika karibu saa 9:00 alasiri hata kama hakuna aliyeanguka.

Giza halikuwa hatari, kwa kuwa jua huku huzama saa 12:30 jioni hivi. Hatari ilikuwa tumboni. Kwa kuwa chakula kilipangwa Mkuu saa 6:00, hakuna aliyebeba kitu. Kijana wetu alikunywa chai na vipande viwili vya mkate saa 2:00. Mwili unaofanya kazi hiyo unahitaji wanga wa gramu 30 hadi 60 kila saa, na kutetemeka kwa baridi nako kunachoma sukari. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 25 hivi, andazi la ukubwa wa kawaida linakaribiana nayo, soda ya mililita 350 ina gramu 35 na zaidi. Ndizi mbili na andazi mfukoni mwa kila mtu, tena mfuko anaoufikia bila kushuka. Marangu kukosa ndizi ni kazi kubwa kuliko kuzipata.

Udongo

Udongo wa volkano wa ukanda huu ndio ulioijenga migomba na kahawa, na ndio unaoichukia baiskeli. Ukiwa na unyevu mdogo unashika vizuri. Ukilowa sana ukawa uji, nao unapitika, maana unarushwa na tairi. Kiboko ni hatua ya katikati, unapokuwa mzito kama udongo wa kufinyanga chungu: unapanda na tairi, unakusanya majani na vijiti, unajikaza penye nafasi finyu. Hali hiyo hutokea zaidi mvua inapokatika na barabara kuanza kukauka, yaani saa nne au tano asubuhi, wakati ule ule kundi linapofurahi kwamba mvua imeacha.

Nafasi kati ya tairi na madigadi, au kati ya tairi na fremu kama huna madigadi, iwe angalau upana wa kidole kimoja. Pungufu ya hapo, ng'oa madigadi asubuhi kabla ya kutoka au baki kwenye lami. Usikanyage kwa nguvu gurudumu likigoma. Cheni huvutwa, mkono wa gia ya nyuma unaingia kwenye spoki, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoushika kwenye fremu kinakatika. Kipande hicho kina umbo lake kwa kila fremu na hukipati Mwika wala Mkuu. Kila mwenye baiskeli ya milimani abebe chake.

Tairi zipunguzwe upepo. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana za inchi 2.1, psi 25 hadi 30 inatosha kwenye udongo. Tairi za milimita 40 zipate 40 hadi 45. Watu wengi hujaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe wakidhani itakwenda haraka. Kwenye mvua inateleza haraka, basi.

Maoni yetu kuhusu kuacha lami siku ile: ulikuwa uamuzi mbaya uliofanywa kwa nia nzuri. Barabara ya udongo ya juu ni ya Januari, Februari, au Agosti mpaka Oktoba. Kwenye masika, kaa kwenye lami, vaa fulana ya rangi kali, washa taa nyekundu ya nyuma mchana, na uvumilie Hiace. Lami iliyolowa nayo ina mitego yake: rangi nyeupe za matuta na vivuko, tope linalotoka vihambani na kuishia barabarani penye kona, majani ya miparachichi. Yote hayo yavuke baiskeli ikiwa imesimama wima, bila breki na bila kukata kona.

Breki

Yule aliyeanguka alipofika Mwika, fundi alizitoa padi zake za nyuma (vipande vinavyobana diski), akaziweka kiganjani, akazigeuza kidogo kwenye mwanga: "Mangi, hizi hazikuisha leo. Leo zimemalizia tu." Upande mmoja ulikuwa umebaki bamba la chuma lenye michirizi inayong'aa. Upande wa pili ulikuwa na utando kama kucha.

Padi mpya ya diski ina nyenzo ya kusugua yenye unene wa milimita 2 hivi juu ya bamba lake. Ikibaki nusu milimita ni ya kutupa. Huna haja ya kipimo maalumu: kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na kama nyenzo iliyobaki ni nyembamba kuliko kadi, usianze nayo siku ya mvua. Padi za aina laini ni tulivu na zinashika mara moja, lakini tope lenye mchanga wa volkano ni msasa, na siku moja ya kushuka mfululizo inaweza kuzimaliza. Za chembe za chuma zinapiga kelele, zinadumu. Angalia tu sahani ya diski: nyingine zimeandikwa kwamba ni za padi laini peke yake, na maandishi hayo si mapambo.

Breki za kebo zina tatizo la ziada. Haidroli hujisogeza yenyewe padi zinavyolika. Kebo haijisogezi, kila sehemu ya milimita inayolika inaongeza safari ya mkono wa breki, mpaka siku unapogusa mpini. Dawa ni nusu dakika. Zungusha kirekebishio cha kebo mpaka kebo ikaze, kaza padi ya ndani mpaka isikike ikigusa, rudisha robo zunguko. Ifanyike kila asubuhi, na tena katikati ya siku. Mwenye haidroli asijivune lakini, maana hiyo kujisogeza ndiyo inayomficha mpaka asikie chuma kikikwaruza chuma.

Padi mpya hazifai kuingia mlimani moja kwa moja. Kwenye tambarare, fikisha kasi ya kilomita 20, punguza kwa mkazo bila kufunga gurudumu, achia. Rudia mara 15 au 20 mpaka uhisi zimeanza kuuma. Na mikono yenye oili ya cheni isiziguse. Padi iliyonywa oili imekufa.

Wale wanne wa breki za rimu hawakupata mkasa wowote, jambo lililowashangaza wenye diski. Walijua udhaifu wao. Rimu iliyolowa haishiki mizunguko ya kwanza, kwa hiyo walibana kidogo mapema kuifuta maji kabla ya kuhitaji breki yenyewe, na mita 400 zilizo kali kuliko zote walishuka kwa miguu. Jioni walichokoa kwa pini vipande vya alumini na mchanga vilivyojikita kwenye raba. Vikiachwa vinakula rimu. Rimu za chuma, kama za Phoenix ya kubebea mkaa, ni habari nyingine: zikilowa hazisimami. Usizilete kwenye msafara huu.

Kushuka kwa foleni kuna mpangilio wake. Nafasi ya sekunde nane hadi kumi kati ya mtu na mtu, wa mbele asisimame kwenye kona, na mtu akianguka ni wawili tu wanaosimama naye. Wengine wanaendelea hadi kwenye paa. Darajani siku ile watu kumi walisimama kumwangalia mmoja aliyechubuka kiwiko, na mgonjwa halisi alikuwa katikati yao.

Ndani ya nyumba ya kihamba

Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 ni hali ya hatari, na huku milimani hutabeba kipima joto cha kuaminika. Angalia vidole, ulimi na miguu: vinashindwa kushika, maneno yanaburuzika, mtu anayumba. Anayetetemeka kwa nguvu bado anapigana. Anayeacha kutetemeka huku bado amelowa na amechanganyikiwa ni mgonjwa wa hospitali, alazwe chali, abebwe taratibu bila kutikiswa. Kwenye njia hii kuna Hospitali ya Kilema upande wa Marangu na Huruma pale Mkuu. KCMC ni huko mjini. Namba ya dharura ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Huyu alikuwa bado anatetemeka. Walimvua nguo zote zilizolowa, wakamfuta, mwenye nyumba akatoa sweta la mumewe na blanketi, akawekwa juu ya godoro. Hilo la godoro ni muhimu, maana sakafu ya saruji inanyonya joto kuliko hewa. Kofia kichwani. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe, akapewa chai ya moto yenye sukari vijiko vinne.

Mambo mawili nusura yaharibike. Mmoja wa wenzake alianza kumsugua mikono na miguu kwa nguvu. Muuguzi akamzuia, kwa sababu joto linalotakiwa ni la kifua na tumbo, na kusukuma damu baridi kutoka kwenye viungo kurudi moyoni kunaweza kumzidishia. Mwingine, kwa ukarimu wa kwao, akauliza kama kuna mbege au kitu kikali kidogo. Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Unahisi joto huku unalipoteza. Pia hawakumkalisha karibu na mafiga. Vidole vilivyokufa ganzi havisikii moto unavyounguza.

Siku ya tatu

Jioni ya siku ya pili kazi zilikuwa tatu. Baiskeli zilioshwa kwa ndoo na sifongo. Mashine ya presha ya kuoshea magari inasukuma maji ndani ya gololi na kuondoa grisi. Cheni zilikaushwa, zikapimwa kwa rula: pini hadi pini, inchi 12 kamili ni mpya, ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi imeanza kuchoka. Oili ya cherehani haifai kwenye mvua, inaoshwa ndani ya saa moja. Ya injini inafaa ukikosa ya cheni: tone moja kwa kila kiungo, subiri, kisha futa nje yote mpaka kitambaa kisitoke cheusi sana, la sivyo unabeba mchanga.

Kazi ya pili ilikuwa mfuko wa nguo. Kila mtu alibeba mwenyewe sweta la sufu, soksi na glovu kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji unaokunjwa mdomo mara tatu. Enzi za rambo zingetosha mbili zilizofungwa, ila mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Sweta la sufu halihitaji duka la michezo. Mitumba ya Memorial pale Moshi inayo, na sufu ikilowa bado inatunza joto, kitu ambacho pamba haikiwezi. Fulana za pamba zilibaki za kulalia.

Ya tatu ni pikapu. Haikutangulia tena Mkuu wala Tarakea. Iliruka kilomita nane, ikasimama penye paa na mtandao, ikahesabu watu wa makundi yote mawili, ndipo ikaruka tena. Dereva alikuwa na orodha ya majina kwenye karatasi, si kwenye simu. Ndani: tyubu 4 za akiba mbali na moja ya kila mtu, padi za diski jozi 6, raba za rimu jozi 4, kebo 3 za breki, viunganishi vya cheni 4, pampu kubwa, blanketi 3, chupa 2 za chai ya tangawizi. Na madigadi moja lililong'olewa Mamba.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilisomwa usiku na tena alfajiri. Kuelekea Tarakea mvua hupungua kadiri unavyouacha mteremko wa kusini, na asubuhi ile ilikatika kabla ya saa 4:00. Kundi la pole lilitoka saa 1:30, la kasi saa 2:00. Kijana wa kilo 58 alikuwa na ruhusa ya kwenda akitaka. Aliomba kundi la pole, akapewa kazi ya kukaa mkiani. Mwenye kifundo kilichovimba alikaa pikapu na kuandika saa za kila kituo. Kulikuwa na pancha mbili na mnyororo mmoja uliokatika, uliounganishwa kwa dakika sita. Kusimama kwa muda mrefu kuliko kote kulikuwa dakika 18, kwenye baraza la kanisa, watu wakila ndizi.

Padi za nyuma alizofungiwa Mwika yule aliyeanguka, za chembe za chuma, zilirudi Moshi ndani ya pikapu zikiwa mpya. Jirani yake mwenye breki za kebo kama zake, aliyefungiwa aina hiyo hiyo Mkuu usiku wa siku ya pili na kuzitumia hadi Tarakea na kurudi Marangu, alizipima siku ya nne: milimita 1.4 mbele, 1.6 nyuma.